Je, bingwa wa dunia wa poka ndiye mchezaji bora duniani?

SWALI: Nimekuwa nikiangalia video za mashindano ya poka ya Las Vegas, na nimeona mtu anakabidhiwa dola milioni 10 na kuitwa bingwa wa dunia. Nina mambo mawili. Hizo fedha zote anatoa nani? Na huyo bingwa ndiye kweli anayewazidi wote kwa kucheza, au kabahatisha tu? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na la fedha kwa kuwa ni jepesi, na ukishalielewa la pili litakuwa limejibika nusu.

Fedha wanatoa wachezaji wenyewe. Mashindano uliyoyaona yanaitwa World Series of Poker. Ndani yake kuna mashindano mengi ya kila mwaka, lakini lile linalotoa bingwa wa dunia ni moja tu, Main Event, na kiingilio chake ni dola 10,000 kwa kila mtu. Mwaka 2024 waliingia watu 10,112. Waandaaji walikata asilimia 7 kwenye kila kiingilio, yaani dola 700, zikabaki 9,300. Zidisha kwa idadi ya watu utapata dola 94,041,600, na hicho ndicho kitita kilichogawanywa. Bingwa wa mwaka huo, Jonathan Tamayo, alichukua milioni 10. Watu zaidi ya 1,500 walipata chochote, na aliyepata kidogo kuliko wote alipewa dola 15,000. Waliosalia, zaidi ya 8,500, walirudi mikono mitupu. Ni upatu mkubwa usio na zamu: wanachanga wote, wanapokea wachache.

Kabla hujaanza kuota, kwa sisi wa huku kuna la ziada. Mgeni akishinda fedha za kamari Marekani hukatwa kodi ya asilimia 30 palepale, isipokuwa nchi yake iwe na mkataba wa kodi ya mapato na Marekani unaomsamehe. Tanzania haina mkataba huo, Kenya nayo haina. Katika milioni 10, tatu zingebaki kwao.

Sasa tuingie kwenye swali lenyewe. Kiingilio hicho cha dola 10,000 kimewekwa mwaka 1972 na hakijapandishwa hata senti moja mpaka leo. Dola 10,000 za mwaka ule zilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 70,000 za sasa, kwa hiyo kila mwaka unaopita shindano hili linazidi kuwa rahisi kuingia. Mimi naona historia yake yote imejificha humo: mlango umepanuka, watu wamejaa, na kadiri walivyojaa ndivyo taji lilivyoacha kusema nani ni bora.

Mwanzoni lilisema hivyo waziwazi, kwa sababu bingwa wa kwanza alipigiwa kura.

Mwenye wazo alikuwa Benny Binion, mzee wa Texas ambaye humkuti kwenye mahubiri ya mfano bora wa maisha. Alitawala kamari haramu mjini Dallas, alipata kutiwa hatiani kwa kuua, akahamia Las Vegas na mwaka 1951 akafungua kasino yake, Horseshoe, katika mtaa wa Fremont. Baadaye alifungwa kwa kukwepa kodi. Lakini biashara aliijua. Wakati kasino nyingine zikiweka kikomo kidogo cha dau, yeye alimruhusu mteja kuweka kubwa kiasi cha kutisha. Ukutani pale kwake aliweka noti mia moja za dola 10,000 chini ya kioo, milioni nzima, na watalii wakapanga foleni kupiga nazo picha bure.

Utasoma mahali pengi kwamba yote yalianza mwaka 1949, Binion alipowakutanisha Johnny Moss na mcheza kamari maarufu Nick Dandolos, wakacheza miezi mitano huku umati ukitazama, mpaka Dandolos akainuka na kusema maneno ya heshima ya kukubali kushindwa. Mimi siiamini hadithi hiyo. Horseshoe yenyewe mwaka 1949 haikuwepo. Hadithi ilienezwa zaidi na kasino miaka mingi baadaye, na kasino inapokusimulia historia yake, shika mfuko.

Chanzo kinachoeleweka kiko Reno. Mwaka 1969 mwenye kasino mmoja wa huko, Tom Moore, aliwaalika wacheza kamari wakubwa kwenye mkutano wao wa kirafiki. Binion naye alihudhuria, akaona jambo zuri, na mwaka uliofuata akaliandaa kwake Las Vegas. Hapakuwa na mshindi kwa maana ya leo. Walikuja wachezaji wachache waliojuana kwa miaka, wakacheza aina kadhaa za poka kwa fedha zao, na mwisho wakapiga kura kuchagua aliyewazidi. Aliyeshinda ni Johnny Moss, akapewa kikombe cha madini ya fedha. Kuna kichekesho kwamba kwenye kura ya kwanza kila mmoja alijichagua mwenyewe, wakaombwa wamtaje wa pili kwa ubora. Iwe kweli au chumvi, inawaeleza vizuri watu wa aina ile.

Kama unataka jibu safi la swali lako, basi ni mwaka huo wa 1970. Mabingwa waliteuana, na aliyepewa jina alilistahili. Tatizo ni kwamba kura haitazamiki. Hakuna mwandishi wa habari atakayesafiri kwenda kuangalia wazee saba wakiandika majina kwenye karatasi.

Ndipo mwaka 1971 wakabadili mtindo. Kila mtu alitoa dola 5,000, akapewa chipu zake, yaani vipande vinavyosimama badala ya fedha mezani, na akiishiwa anatoka, hana ruhusa ya kununua nyingine. Anayebaki na chipu zote ndiye bingwa. Moss akashinda tena, safari hii kwa karata. Mwaka uliofuata kiingilio kikawa 10,000.

Hapa nikueleze kidogo mchezo wenyewe ulivyo, maana bila hivyo suala la bahati halitakaa sawa. Mchezo ni Texas Hold'em. Kila mchezaji anagawiwa karata mbili za siri. Mezani zinafunuliwa karata tano za wote, kwanza tatu kwa pamoja, kisha moja, kisha ya mwisho. Katika kila hatua unaweka dau, unapandisha, au unatupa karata zako. Mwenye mkusanyiko mzuri wa karata tano anakula, ila mara nyingi karata hazifunuliwi kabisa: mtu anapiga mkwara kwa dau kubwa, wenzake wanaogopa, wanatupa. Kwenye mkono mmoja, yaani mgao mmoja wa karata, mjinga anaweza kumfunga bingwa, na humfunga kila siku. Ustadi unaonekana baada ya maelfu ya mikono. Sasa shindano halikupi muda huo wote, kwa sababu madau ya lazima yanapandishwa kila baada ya saa mbili, na chipu za asiyecheza zinaliwa taratibu hadi ziishe. Kwa hiyo hata mtaalamu hufika mahali akalazimika kuweka chipu zote na kuomba Mungu.

Watu wakiwa wachache, mtaalamu huomba mara chache. Mwaka 1972 waliingia wachezaji wanane, akashinda Thomas Preston, aliyejulikana kama Amarillo Slim. Preston alikuwa mwembamba, mrefu, kofia kubwa, na mdomo haupumziki. Alialikwa kwenye vipindi vya televisheni vya usiku akasimulia visa vyake, na Wamarekani waliokuwa wakiiona poka kuwa ni kazi ya wahuni wakaanza kucheka naye. Kwa maoni yangu aliifanyia poka kazi kubwa kuliko mabingwa wengi waliomzidi kucheza. Mwaka 1973 Binion, akihojiwa na watafiti wa historia wa Chuo Kikuu cha Nevada, alisema anatumaini siku moja wachezaji wanaweza kufika hata 50. Kwake hiyo ilikuwa ndoto kubwa.

Miaka ile majina yalijirudia, na kujirudia ndiyo dalili kwamba shindano linapima kitu. Moss alishinda tena 1974. Doyle Brunson alishinda 1976 na 1977, na mara zote mbili mkono wa mwisho alishika karata ya kumi na karata ya mbili, karata ambazo mtu mwenye akili zake huzitupa. Mpaka leo mkono huo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1976 walikuwa watu 22, na bingwa alichukua zote, dola 220,000. Mwaka huohuo ilianza kutolewa bangili ya dhahabu, ambayo leo wachezaji wanaililia kuliko fedha.

Ufa wa kwanza ulionekana mwaka 1979. Hal Fowler, mtu wa California ambaye poka haikuwa kazi yake, alimfunga Bobby Hoff, mtaalamu, baada ya karata kumjia mfululizo kama vile amezipanga. Wakongwe walisikitika. Wenye kasino walifurahi, kwa kuwa kila mtu aliyekuwa na dola 10,000 na majivuno kidogo alianza kujiuliza, kwa nini isiwe mimi?

Na asiye na 10,000 je? Huyo alitafutiwa mlango na Eric Drache, msimamizi wa mashindano. Inasimuliwa kwamba aliona meza ya watu kumi, kila mmoja ana kama dola 1,000 mbele yake, akawaambia: chezeni mpaka abaki mmoja, naye ataingia shindano kubwa. Huo ndio mchujo, na ni uvumbuzi uliobadilisha poka kuliko karata yoyote iliyowahi kugawiwa. Mwaka 1983 Tom McEvoy, aliyekuwa mhasibu huko Michigan, aliingia kwa mlango wa mchujo akawa bingwa. Aliyebaki naye wa mwisho, Rod Peate, naye alitoka kwenye mchujo. Wa tatu alikuwa Brunson.

Hata hivyo kabla ya mafuriko kuna mtu mmoja sitaweza kumruka, kwa sababu ukiniuliza nani alikuwa na kipaji kuliko wote, nitamtaja yeye. Stu Ungar alizaliwa New York, na umaarufu wake wa kwanza haukutokana na poka. Ulitokana na mchezo mwingine wa karata unaoitwa gin, ambao aliucheza vizuri hadi akakosa wa kucheza naye. Akahamia poka. Mwaka 1980 akamfunga Brunson na kuwa bingwa, sura yake ya kitoto ikimfanya aitwe Kid. Mwaka 1981 akarudia. Kisha kokeini na mbio za farasi zikammaliza. Mwaka 1997 alikuja akiwa hana hata kiingilio. Rafiki yake Billy Baxter alimlipia kwa makubaliano ya kugawana. Akavaa miwani ya duara ya buluu kuficha pua iliyoharibiwa na dawa, meza ya mwisho ikachezewa nje, barabarani, mtaa wa Fremont, na akawafunga watu 311. Dola milioni moja, nusu ya Baxter. Mwezi Novemba 1998 alikutwa amekufa kwenye hoteli ya bei rahisi, na umri wake ulikuwa miaka 45.

Kati ya mataji hayo ya Ungar yupo Johnny Chan, aliyeshinda 1987 na 1988, na mwaka 1989 akafika wa mwisho tena akitafuta la tatu mfululizo. Alizuiwa na kijana wa miaka 24, Phil Hellmuth, ambaye tangu siku hiyo hajanyamaza, na ambaye leo ana bangili 17 za mashindano mbalimbali ya World Series, nyingi kuliko mtu yeyote. Chan ndiye bingwa wa mwisho kutetea taji lake. Tangu 1988 hajatokea mwingine.

Neno «dunia» nalo lilichelewa kuwa kweli. Kwa miaka 20 bingwa wa dunia alikuwa Mmarekani kila mara. Wa kwanza kutoka nje ni Mansour Matloubi, mzaliwa wa Iran aliyekuwa akiishi Uingereza, mwaka 1990. Leo orodha ina Mwaustralia aliyezaliwa Lebanoni, Mdenmaki, Mjerumani, Mswidi, Mwargentina, Mnorwei. Mwafrika bado.

Kisha ukaja mwaka 2003.

Mambo matatu yalikutana. La kwanza ni intaneti, ambayo iliruhusu mchujo ufanyike usiku mzima kwa watu walioko nyumbani kwao. La pili ni kamera ndogo zilizowekwa ukingoni mwa meza ili mtazamaji aone karata za siri. Hataza ya wazo hilo ilikuwa ya Henry Orenstein, Myahudi wa Poland aliyenusurika kwenye kambi za Wanazi, akaenda Marekani akatajirika kwa kubuni vitu vya watoto kuchezea, na mwenyewe alikuwa na bangili ya poka. Kabla yake, poka kwenye televisheni ilikuwa watu wakikodoleana macho. Baada yake, mtazamaji alijua anayedanganya ni nani, na utamu wote uko hapo.

La tatu ni Chris Moneymaker. Ndiyo, hilo ni jina lake la ukoo, na maana yake ni mtengeneza fedha. Alikuwa mhasibu wa Tennessee, akaingia mchujo wa intaneti kwa dola 86, akashinda nafasi, akapanda ndege. Alikuwa hajawahi kucheza shindano la ana kwa ana. Walikuwa watu 839, na wa mwisho akabaki yeye na Sammy Farha, mtaalamu mwenye sigara isiyowashwa mdomoni. Kwenye mkono mmoja Farha alikuwa na jozi ya tisa, na tisa ndiyo iliyokuwa karata kubwa kuliko zote za mezani. Moneymaker alikuwa na mfalme na saba, akisubiri karata ya kumkamilishia. Haikuja. Akasukuma chipu zake zote kana kwamba imekuja. Farha alimtazama, akatafakari, akatupa. Nchi nzima baadaye ilitazama ikijua kilichomo mikononi mwao wote wawili. Moneymaker alichukua dola milioni 2.5.

Hesabu za miaka iliyofuata zinajieleza: watu 2,576 mwaka 2004, 5,619 mwaka 2005, 8,773 mwaka 2006, Jamie Gold alipochukua milioni 12. Horseshoe haikuweza kubeba umati huo. Tena yenyewe ilikuwa taabani: Binion alikwishafariki mwaka 1989, watoto wake wakagombana, na mwaka 2004 kasino ikauzwa kwa kampuni ya Harrah's, ambayo haja yake kubwa ilikuwa jina la Horseshoe na haya mashindano. Yakahamishiwa hoteli ya Rio, na tangu 2022 yako kwenye kasino mbili za barabara kuu ya Las Vegas.

Sheria ilijaribu kuyapunguza. Oktoba 2006 Marekani ilizuia benki kupitisha malipo ya kamari za intaneti, na mwaka uliofuata idadi ikashuka hadi 6,358. Aprili 2011 serikali ikafunga tovuti kubwa za poka nchini humo. Shindano liliyumba, halikuanguka. Mwaka 2023 waliingia 10,043, rekodi ya miaka 17 ikavunjwa, na mwaka uliofuata nayo ikavunjwa.

Sasa rudi kwenye swali lako ukiwa na namba hizi. Mchezaji wa kawaida kati ya 10,000 ana nafasi moja katika 10,000. Mtu mwenye ustadi mara nne ya huyo ana nafasi moja katika 2,500. Akicheza kila mwaka kwa miaka 40 bado haielekei kwamba atashinda. Kwa hiyo bingwa wa Main Event karibu kila mara ni mchezaji mzuri, maana asiyejua kitu hawezi kuvumilia karibu wiki mbili mezani, lakini ni mmoja kati ya mamia wazuri waliokuwemo, na karata zilimkubali yeye. Bahati nasibu sivyo. Ustadi unaonekana, ila utauona kwa wanaofika mbali mara kwa mara. Dan Harrington, bingwa wa 1995, alifika meza ya mwisho 2003 na tena 2004. Mark Newhouse alifika meza ya mwisho ya watu tisa mwaka 2013 katika watu zaidi ya 6,000, akatoka wa tisa. Mwaka 2014 akafika tena, jambo ambalo kwa hesabu ni karibu muujiza, akatoka wa tisa tena. Taji hana.

Wachezaji wenyewe walilijua hili mapema. Mwaka 2006 likaanzishwa shindano la kiingilio cha dola 50,000, linalochanganya aina nyingi za poka kama ilivyokuwa mwaka ule wa kura. Waanzaji hawalisogelei. La kwanza lilishindwa na Chip Reese, ambaye wenzake walimheshimu kuliko mabingwa wengi wa televisheni, na kombe la shindano hilo leo lina jina la Reese. Ukitaka kujua wataalamu wanamwona nani kuwa bora, tazama hilo. Michael Mizrachi wa Florida amelishinda mara nne.

La nne alilishinda kiangazi cha 2025, kati ya washiriki 107. Wiki chache baadaye, katika mji uleule, akaingia Main Event pamoja na watu wengine 9,734. Wakati mmoja alibakiwa na chipu chache sana, akaweka zote, karata zikamkubali, akapanda tena. Akawa bingwa. Kwa hiyo ukiniuliza kuhusu 2025, ndiyo, bingwa wa dunia na mchezaji bora alikuwa mtu mmoja. Miaka mingine utawakuta meza mbalimbali.